Baki Sitini na Nne

Tunu alinijia saa kumi na robo jioni, mguu mmoja peku, mwingine kiatu cha shule. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwanafunzi wangu bora kuliko wote, aina ile ya mwanafunzi anayekusahihisha ubaoni halafu anakuomba radhi kwa kukusahihisha. Siku hiyo alisimama mlangoni akihema, akasahau hata kuniamkia, kisha akakumbuka adabu zake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Tunu. Kiatu kingine kimekwenda wapi?"

"Mwalimu, namba inaweza kurudi?"

Nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la tano, kalamu nyekundu mkononi. Nikamuuliza namba gani.

"Ya saa. Namba yangu ya kuzaliwa."

Hapa Pangoni, ndani ya mwamba wa Mirihi, hakuna mtoto asiyejua jibu la swali hilo. Milango ya maghala na matanki yetu hufunguka kwa namba ndefu inayobadilika kila saa. Mashine inayoibadilisha ni ya meno ya shaba, maana dhoruba ya jua ilipounguza vile vyombo vyenye akili, wazee wetu waliapa kutoikabidhi pumzi yao tena kwa kitu wasichoweza kukifungua kwa bisibisi. Kila saa mashine huchukua namba iliyopita, huizidisha kwa namba ya siri isiyobadilika, huigawanya kwa Namba Kuu, na baki ndilo namba ya saa mpya. Bawabu wa zamu peke yake ndiye huiona. Saa ikishapita huitangaza kwa watu wote, kwa sababu haina kazi tena.

Namba Kuu ni 3,215,031,751. Ni namba tasa, haigawanyiki kwa chochote ila moja na yenyewe, na kwa hiyo mabaki yake hayatajirudia mpaka ipite miaka zaidi ya laki tatu na nusu. Ndivyo nilivyowafundisha watoto wa mji huu, mwaka baada ya mwaka.

Na kwa kuwa hazirudi, watu wakazipenda. Mtoto akizaliwa, namba ya saa yake hushonwa kwenye mbeleko, na mama huambiwa kwamba hiyo ni ya mwanawe peke yake mpaka jua lizimike. Vijana nao wana mchezo wanaouita kubisha bahati: ukipita kwenye mlango wowote unabonyeza namba yako ya kuzaliwa, mlango unakataa, mnacheka, mnakwenda zenu.

"Nilibisha bahati kwenye mlango wa tanki la bustani," Tunu alisema. "Ukafunguka, Mwalimu."

"Ukafunguka?"

"Wote. Hewa ikanipiga usoni, kiatu kikanitoka, nikakimbia."

"Hukuufunga?"

Alianza kulia. Kabla sijaongeza neno, kengele ya hatari ikalia huko chini, na tukasikia watu wakikimbia kwenye ngazi.

Nitaandika nilivyomjibu mtoto huyu, maana nikiliruka hili mengine yote hayana maana. Nilimwambia namba tasa haizunguki. Nilimwambia bila shaka bawabu aliuacha mlango wazi, na yeye kwa hofu akadhani ni namba yake iliyoufungua. "Usimwambie mtu," nikasema, "watakucheka." Kisha nikampa ndara zangu arudi nazo nyumbani, na akanishukuru.

Alipoondoka nilichukua kibao na chaki. Sikuanza na mbili wala tatu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye 151, kama mtu anayejua alipozika kitu. 151 kwenye 321 inaingia mara mbili, baki 19. Shusha tano: 195, mara moja, baki 44. Nikaendelea kushusha tarakimu moja moja, mpaka kilichosalia mwishoni kabisa kikawa 151 yenyewe. Mara moja. Baki sifuri.

Nilikaa nikikitazama kibao. Nilikuwa mtu mzima wa miaka sitini na mbili na nilijisikia kama mtoto aliyekojoa kitandani.

*

Miaka kumi na sita na miezi miwili kabla ya jioni hiyo, Chumba cha Hesabu kilikuwa na wahesabuji kumi na wawili na mimi nilikuwa mkubwa wao. Msaidizi wangu alikuwa Bi Hidaya, ingawa kwa umri na kwa akili alinizidi. Tulipewa kazi ya kuitafutia milango Namba Kuu mpya, kubwa kuliko ile ya zamani, na tulipompata mgombea wetu ikabidi tumhoji hadharani mbele ya mji, kama ilivyo desturi.

Namba huhojiwa kwa mashahidi. Wetu walikuwa wanne: mbili, tatu, tano na saba. Unamchukua shahidi, unampandisha kwenye kipeo ambacho ni nusu ya hiyo namba ikishatolewa moja, na kila hatua unagawanya kwa namba na kubakiza baki tu ili tarakimu zisikuzidi nguvu. Kama namba ni tasa, mwishoni utapata moja, au utapata namba yenyewe pungufu moja. Ukipata kingine chochote, namba imeumbuka. Kwa kila shahidi ni kuzidisha mara thelathini namba ya tarakimu kumi kwa yenyewe, kwa mkono, watu kumi na wawili kwa siku mbili. Watu walileta mikeka wakakaa kusikiliza. Mashahidi wote wanne walisema namba ni safi, na ukumbi ukapasuka kwa vigelegele.

Bi Hidaya alitaka tumwite na wa tano, kumi na moja. Nilimwambia wanne wanatosha, watu wamechoka. Leo najua kwamba kumi na moja angeiumbua ile namba pale pale mbele za watu.

Ikabaki kazi ya jikoni, isiyo na watazamaji: kuigawanya kwa namba tasa zote zilizo chini ya mia mbili, arobaini na sita kwa jumla. Utaratibu wetu ni kwamba mmoja anagawanya na kutaja baki kwa sauti, mwenzake analirudia kwa sauti na kuliandika, ndipo waende kwenye namba inayofuata. Vinywa viwili havikosei kwa namna moja, ndivyo tulivyofundishwa. Mgawanyaji nilikuwa mimi.

Sasa, wiki ile bustani ya chini ilikuwa imetoa mpunga wake wa kwanza tangu mji uanze. Mpunga wa kweli, si ule unga wa mwani tuliokuwa tukiulia vijiko miaka yote. Akina mama walikuwa wanapika pilau ukumbini, na tundu la hewa la chumba chetu lilikuwa linatuletea bizari na mdalasini bila huruma. Tulifika 149. Zilikuwa zimebaki kumi na moja.

Nilimwambia Bi Hidaya kwamba hizo kumi na moja nilizifanya jana yake peke yangu, yeye aandike tu. Nikazitaja kutoka kichwani. 151, baki 64. 157, baki 20. Nilizitaja kwa mwendo wa mtu anayesoma.

Aliniuliza mara moja tu. "Zote umezifanya, Kondo?"

"Zote."

Akarudia kila moja kwa sauti yake nzuri ya utenzi, akaandika, akatia saini chini ya jina langu. Sikuwa mwovu. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na uhakika, basi. Pilau ilikuwa tamu na nilirudia sahani mara mbili.

*

Siku ya pili baada ya mlango kufunguka nilivipata na vigawo vingine viwili, 751 na 28,351. Nikatoa moja kwa kila kigawo, ikawa 150, 750 na 28,350, nikavitafutia KDS. Kigawe kidogo cha shirika, hesabu ya darasa la tano, ile ile niliyokuwa nikiisahihisha Tunu alipoingia. Jibu ni 141,750.

Maana yake namba za milango yetu haziendi miaka laki tatu na nusu. Zinakwenda saa 141,750, kisha zinaanza upya kwa mpangilio ule ule. Hizo ni siku 5,906 na saa sita. Tunu ndiye mtoto wa kwanza aliyezaliwa baada ya Namba Kuu mpya kuwekwa, saa nne asubuhi. Siku 5,906 baadaye, saa kumi jioni, alipita kwenye mlango wa tanki akabonyeza namba iliyoshonwa kwenye mbeleko yake. Mtoto hakuwa ameota.

Lakini bawabu wa zamu ile, Siwema, alikuwa tayari ameshikwa. Gurudumu la kumbukumbu lilionyesha mlango ulifunguliwa kwa namba sahihi, haukuvunjwa. Namba sahihi ilikuwa inajulikana na mtu mmoja tu. Hewa ya tanki ilikuwa imetoka, miche ya mpunga na maharage ya bustani ya chini imekauka yote, nusu ya chakula cha msimu. Watu walitaka jina la mtu, na jina lilikuwepo. Bawabu anayetoa namba hupelekwa kwenye Machimbo ya Barafu kwa miaka kumi na miwili. Siwema alikuwa na watoto wawili na mdogo alikuwa bado ananyonya.

Siku ya tatu mwenyekiti wa baraza, Bi Nyamizi, aliniita ofisini kwake. Siwema alikuwa amekaa kwenye benchi, mlinzi pembeni. Aliponiona uso wake ulichangamka kabisa.

"Si nimewaambia?" alimwambia mwenyekiti. "Muulizeni Mwalimu. Amenifundisha tangu darasa la kwanza. Mwalimu Kondo hawezi kusema uongo hata umchape."

"Mwalimu," Bi Nyamizi akasema, "sisi hesabu zetu ni za kuhesabu mifuko. Kuna namna yoyote mtu anaweza kuipata namba ya saa bila kuambiwa na bawabu?"

"Ifikirie vizuri, Mwalimu," Siwema akasema. "Usiwe na haraka."

Niliifikiria. Nilitazama mikono yangu, halafu nikatazama kalenda ukutani.

"Kwa hesabu ninazozijua mimi," nikasema, "hakuna."

Siwema hakulia. Aliinamisha kichwa na kukubali taratibu, kama anavyokubali mwanafunzi akiambiwa jibu lake si sahihi. Aliniamini mimi kuliko alivyojiamini yeye, na sijawahi kuona adhabu mbaya kuliko hiyo.

Nilipotoka pale nilikuwa na visingizio vizuri sana. Nikisema, kila mama Pangoni atajua kwamba namba ya mwanawe itakuja kuwa ya mwingine. Nikisema, kila mwenye kumbukumbu ya namba za zamani anaweza kufungua tanki lolote. Nikisema, namtia Bi Hidaya matope uzeeni. Nimevikagua visingizio hivi kimoja kimoja na vina uzito wa kweli. Ila sivyo vilivyonifunga mdomo. Niliona aibu, basi. Niliona aibu kuulizwa na mji mzima, "Kwa nini uliacha?" na nijibu, "Pilau."

*

Siku ya nane Tunu alikaa nyuma kabisa darasani, yeye ambaye dawati lake ni la mbele tangu utoto. Sikumuuliza kitu. Kipindi kilipoisha akaja mezani kwangu, amezishika zile ndara zangu, zimeoshwa.

"Mwalimu, naomba uniandikie barua nihamie darasa la ushonaji."

"Ushonaji? Wewe?"

"Kichwa changu hakiko sawa, Mwalimu. Naona vitu visivyowezekana." Alisema bila kulalamika. "Niliubonyeza ule mlango mwenyewe, namba kwa namba, nikaiona taa ya kijani. Na wewe umesema haiwezekani. Sasa nikifanya hesabu naogopa, sijui ipi ni kweli na ipi naiota."

Ningemwambia pale pale. Mdomo ulifunguka ukatoa, "Tutazungumza kesho." Akaziweka ndara chini ya meza, akanipigia goti kidogo, akaenda.

Nilikwenda kwa Bi Hidaya kabla ya chakula cha mchana. Siku hizi ana miaka themanini. Nilimkuta anachambua maharage, kibaba kimoja tu, ndio mgawo wa wiki tangu bustani ife. Nilikataa kukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia 149 mpaka kwenye benchi la Siwema.

Alichambua maharage mpaka yakaisha.

"Ile sitini na nne," akasema, "uliitoa wapi?"

"Kichwani, Bi Hidaya."

"Miaka yote hii naikumbuka. Nyingine zote nimezisahau, hiyo naikumbuka. Nilidhani ni uzee." Akafuta mikono kwenye kanga. "Niliirudia kwa mdomo wangu huu, Kondo. Mbona hukusema tukale kwanza? Tungekula, tukarudi. Nani angetukimbiza?"

Katika miaka kumi na sita wazo hilo halijawahi kunipitia akilini, kwamba tungeweza kula kwanza, kisha tukarudi.

"Nilikuwa nakulinda na wewe," nikasema, na nilipojisikia nikatamani nimeze ulimi.

"Usinitie kwenye chungu chako. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha maradhi, anayeumbuliwa ni mtoto wa watu." Akanyanyuka kwa shida akishika ukuta. "Hukumu ni kesho saa tatu asubuhi. Mimi nitakuwepo. Uje na kibao."

*

Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Bi Nyamizi alikuwa amekwisha kusimama na karatasi ya hukumu mkononi niliponyoosha mkono. Nilisema Namba Kuu si tasa. Nilisema niliikagua vibaya na nikaandika uongo. Watu walitazamana. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama Mwalimu ni mgonjwa.

Kwa hiyo niligawanya. Niliandika ubaoni na kutaja kwa sauti, na Bi Hidaya, akiwa amekaa mbele na fimbo yake, alirudia kila baki kama zamani.

"151 kwenye 321, mara mbili. Baki kumi na tisa."

"Baki kumi na tisa," akaitikia Bi Hidaya.

"Kwenye 195, mara moja. Baki arobaini na nne."

"Baki arobaini na nne."

Katikati ya safari watoto wa shule walianza kuitikia pamoja naye, maana hesabu hii wanaijua, kisha na wazazi wao. Ukumbi mzima ulikuwa unataja mabaki. Tulipofika mwisho nikasema baki sifuri na hakuna aliyeitikia.

Ndipo nikamwita Tunu kwa jina, nikamwambia asimame aseme alizaliwa saa ngapi na alipita kwenye tanki saa ngapi. Alisema. Nilimwambia mbele ya watu wote, "Hukuota, mwanangu. Kichwa chako ndicho kilichokuwa sawa, changu ndicho kilichokuwa kibovu." Alijifunika uso kwa viganja na mama yake akamkumbatia.

Bi Nyamizi aliichana karatasi. "Siwema hana hatia," akasema. "Mfungueni." Vigelegele vikapanda, na mambo yakaenda namna ambayo sikuitegemea. Mzee mmoja wa safu ya mbele akasimama akasema kukosea ni kwa binadamu, miaka kumi na sita imepita, nani angejua? Mtu huyu angeweza kunyamaza akafa na heshima yake, lakini ameona mwenzake anaonewa, akasimama. "Huyu ni muungwana," akasema. Mtu akapiga makofi. Wakapiga wote. Watu niliowafundisha walikuja kunishika mkono, mmoja akanibusu kiganja. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasikia kifua kinapata joto. Nilianza kuamini kwamba nimefanya jambo la kishujaa.

Siwema alipita katikati yao akaja kusimama mbele yangu. Siku tisa za mahabusu zilikuwa zimemnyonya mashavu. Nilijua atanishukuru au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili.

"Mwalimu," aliuliza kwa sauti ndogo, makofi yakiwa bado yanalia, "ulijua lini?"

Neno "jana" lilikuwa tayari ulimini. Mbali na Bi Hidaya, ambaye kwa makofi yale asingenisikia, Tunu peke yake ndiye angeweza kulipinga, na Tunu asingelipinga kamwe, nilimlea mwenyewe kwa adabu.

"Siku ya kwanza," nikasema. "Jioni ile ile."

"Kabla hujaja kule ofisini."

"Kabla."

"Maziwa yamenikauka," akasema, kama anayenipa habari tu. "Mtoto ananikataa." Kisha akaonyesha ukumbi kwa kidevu. "Lile la zamani nimekusamehe, kila mtu ana siku yake ya kukosea. Lakini hawa hawajui wanakushangilia kwa lipi. Waambie na hili."

Nikawageukia. Walikuwa bado wananipigia makofi, ikanibidi ningoje wanyamaze.